Tunaitwa Ing'oi

Wote, Makueni
11 Februari 2024

Shangazi Kathini,

Pokea salamu zangu na za watu wa nyumba hii. Mvua ya Desemba ilitutosha na mahindi tumevuna, si haba. Mke wangu Nthenya anakusalimia. Mguu wake umepona isipokuwa kwenye ngazi, na kwa bahati nyumba yetu haina ngazi. Binti yetu Yvonne ameingia mwaka wa pili chuoni. Analalamika kuhusu chakula kila wiki, kwa hivyo najua hajambo.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho nilipokupigia ulisema "haloo" kwa dakika nne, kisha ukamwambia mtu aliyekuwa karibu nawe kwamba ni wale wa kampuni ya simu wanaotaka kukuuzia kitu. Sikukasirika. Najua masikio yameenda. Barua hii itapanda basi la Mwingi kama kifurushi, na dukani hapo Kyuso watakuita.

Neno langu ni hili. Nimekagua nyama kwa miaka kumi na saba, na kila karatasi niliyotia sahihi imeandikwa Ndululu Nyamai Ing'oi. Mtu wa Mombasa akilisoma hilo la mwisho haoni kitu. Mkamba akilisoma anasoma punda. Kuna watu hapa Wote ambao kwa miaka yote hiyo wanaamini ni jina la utani na kwamba nina jina lingine nyumbani.

Nilipokuwa mtoto nilimwuliza baba jina hili lilitoka wapi, akasema, "Muulize shangazi yako." Nikakuuliza wewe, ukasema, "Muulize baba yako." Sasa baba ana miaka sita kaburini, na wa kuulizwa umebaki wewe.

Nimezungumza na wakili. Nataka kulibadilisha, na sikupenda ulisikie kwa watu. Hakuna sababu kubwa, ni mambo ya makaratasi tu. Niko likizo kwa sasa, kwa hivyo nina muda wa kuyafuatilia.

Niandikie hata mistari mitatu.

Mwana wa ndugu yako,
Ndululu


Kyuso
3 Machi 2024

Ndululu mwanangu,

Barua yako nimeipata. Ilikaa dukani siku sita kwa sababu mwenye duka aliniita kwa simu.

Namshukuru Mungu kwa mguu wa Nthenya. Mwambie asiuamini haraka. Huku ndengu zimefanya vizuri, nimepata magunia matatu bila kusaidiwa na mtu, ingawa mgongo umenidai kila kilo. Kanisani tumepata mchungaji mpya, kijana, anahubiri akitembea. Mimi huwa nageuka geuka kwenye kiti kumfuata nisome midomo yake, na watu wanafikiri nimeguswa na Roho.

Kuhusu jina. Babu yako alikuwa na punda. Watu walimwita kwa punda wake, kama vile yule wa hapa sokoni anavyoitwa Baiskeli. Majina mengi huanza hivyo. Upande wa Zombe kuna watu wanaitwa Nzou, na sijawahi kusikia kwamba waliwahi kuwa na ndovu.

Basi ni hayo tu.

Lakini na mimi nikuulize. Wewe ni mtu ambaye hakuchukua likizo baba yake alipolazwa. Alipokufa ulichukua siku tatu, na ya tatu ukairudisha. Sasa umeniandikia Februari, si Krismasi, na unaniambia uko likizo na una muda. Likizo ya nini?

Shangazi yako,
Kathini Musyimi


Wote
7 Aprili 2024

Shangazi,

Salamu za Pasaka. Yvonne alikuja na rafiki yake, wakala kila kitu wakarudi chuoni. Nthenya ameanza kupanda ngazi za benki.

Umeniuliza likizo ya nini. Si likizo. Nimesimamishwa kazi tangu tarehe 16 Januari.

Nitakueleza kama ilivyo kwenye faili. Katika soko moja dogo, sitalitaja, watu walipata kwato kwenye gunia nyuma ya bucha. Kwato za ng'ombe zimepasuka katikati. Hizi hazikuwa zimepasuka. Nyama iliyokuwa imening'inia dirishani ilipimwa, ikawa ni ya punda, na ilikuwa imepigwa mhuri wa serikali. Mhuri ulikuwa wangu.

Nimeandika maelezo kwamba mhuri uliibwa. Kesi ya nidhamu itasikizwa Septemba.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini kuna redio moja ya Kikamba ambayo asubuhi ina watu wawili wanaocheka. Walisoma habari ile, wakasoma jina la mkaguzi, kisha hawakuweza kuendelea na taarifa. Mmoja alisema, "Punda ameidhinisha punda." Walilia kwa kicheko mpaka wimbo ukawekwa. Siku hizi nikiingia dukani watu wanaacha kuongea, halafu mmoja analia kama punda, taratibu, akiangalia pembeni.

Jambo la pili. Wiki iliyopita mzee mmoja kutoka Kyuso, aliyekuja kumwona binti yake hapa, alinisimamisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia. Akasema, "Aa, wale wa ile nyama." Nikamwuliza nyama gani. Akasema amesahau, akaenda zake, na alikuwa anatembea haraka kwa mtu wa umri ule.

Shangazi, nyama gani?

Ndululu


Wote
5 Mei 2024

Shangazi,

Nimepokea gunia la ndengu na tunashukuru. Ni safi, hazina dumuzi hata mmoja.

Nilidhani barua iko ndani. Tulizimwaga zote kwenye turubai, mimi na Nthenya, tukazipitia kwa mkono. Hakukuwa na barua. Tukazirudisha.

Nangoja.

Ndululu


Kyuso
9 Juni 2024

Ndululu mwanangu,

Salamu. Mimi ni mzima. Sitakudanganya kwamba nilikuwa mgonjwa. Nilianza barua hii mara nne, na mara zote nne niliitumia kuwasha jiko.

Sasa nitaandika mpaka mwisho bila kuacha. Usinijibu kwa kunifariji.

Jina la babu yako lilikuwa Nthiwa. Nthiwa wa Mwangangi. Alikuwa mrefu, haongei sana, na alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kubatizwa kwenye kilima chetu. Punda alikuwa naye kweli, jike, wa kuchotea maji. Hapo sikukudanganya.

Mwaka wa 1961 ulikuja ule ukame ambao wazee wanauita njaa ya ndege, kwa sababu chakula kiliangushwa kutoka angani. Kwetu ndege tulikuwa tunaziona zikipita. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yako Nyamai alikuwa na minne. Ng'ombe walikuwa wamekwisha, mbuzi pia. Punda alibaki kwa sababu bila yeye hakuna maji. Nyamai alikuwa ameacha kulia. Mtoto mwenye njaa hulia, halafu kuna siku anaacha, na mama alikuwa ameacha kumwimbia kwa sababu hakukuwa na mtu wa kubembeleza.

Siku moja baba aliondoka na punda alfajiri. Alirudi jioni bila punda, na nyama imefungwa kwenye magunia ya katani. Akasema amekuta pofu, yule swala mkubwa, ameuawa na simba, simba wameshiba wameondoka. Angeweza kufunga mlango. Tungekula sisi wanne kwa wiki tatu. Hakufunga. Alinituma nikaite nyumba zote za kilima kile, nyumba saba, na watu walikuja na sufuria.

Mimi nilijua. Kesho yake aliniambia, "Kuanzia leo utabeba maji kichwani." Nilichukua kibuyu nikaenda. Nilikula. Ilikuwa nyama tamu, Ndululu. Nyamai alipewa mchuzi kwa kijiko. Siku ya tatu akalia. Mama alikaa chini mlangoni akamsikiliza, hakumnyamazisha.

Mwishoni mwa mwaka mvua ilinyesha kupita kiasi. Watu walikusanyika kanisani kushukuru. Mhubiri akasema, watoto nao washuhudie, kila mmoja aseme Mungu aliwatendea nini wakati wa njaa. Walisimama wawili watatu, wakasema mambo yasiyo na maana. Mimi nilikuwa na ushuhuda. Nilikuwa nimeupanga kichwani kwa siku nyingi. Nilisimama nikasema kwa sauti, ili hata wa nyuma wasikie, "Namshukuru Mungu kwa sababu alitupa punda, tukamla, tukawagawia majirani wote, na Nyamai akapona."

Nilidhani watasema amina.

Jirani yetu Kalondu, aliyekuwa amekaa mbele yangu na mtoto mgongoni, aliinuka akatoka nje, na tukamsikia anatapika kando ya ukuta. Wa pili akamfuata, na wa tatu. Ibada haikumalizika. Baba aliondolewa kwenye meza ya Bwana miaka miwili. Hakuna aliyemshika mkono sokoni. Na kabla ya mwezi kwisha hakuwa Nthiwa tena. Alikuwa Ing'oi. Mama akawa mke wa Ing'oi. Shuleni, nilipoingia darasani, walilia kama punda wote kwa pamoja, na mwalimu alicheka akiwa ameshika mdomo.

Baada ya uhuru karani wa vitambulisho alikuja. Msaidizi wa chifu alikuwa anamsomea watu, akamnyooshea baba kidole: "Huyu ni Ing'oi." Karani akaandika. Baba alisimama pale akaangalia likiandikwa. Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza kwa nini hakukataa. Akasema, "Foleni ilikuwa ndefu."

Mimi niliolewa nikiwa na miaka kumi na minane. Watu walisema Musyimi na Kathini wanapendana sana, hawawezi kungoja. Musyimi alikuwa mtu mzuri na nilimlilia alipokufa. Lakini nilipomkubali, nilikubali jina lake kwanza. Baba yako hakuwa na pa kwenda na lake. Alijua lilitokana na ile nyama. Hakujua ni nani aliyesimama kanisani, kwa kuwa alikuwa mdogo na kwetu hakuna aliyelitaja. Kila alipokuambia uniulize mimi, nilidhani anajua.

Nyama ndiyo hiyo. Kalibadilishe jina, sina neno. Sitakuzuia kwa jambo ambalo mimi mwenyewe nilikimbia.

Kathini


Wote
14 Julai 2024

Shangazi,

Ulisema nisikufariji, kwa hivyo sitafanya hivyo. Nthenya anakusalimia. Barua yako niliisoma mara mbili nikiwa kwenye gari nje ya nyumba, kisha nikaingia nikampa yeye. Aliisoma amesimama. Halafu akasonga ugali, tukala, akaniuliza kama nataka kuongezwa.

Umechelewa kidogo. Mei tarehe 28 nilitia sahihi hati kwa wakili. Imetoka kwenye gazeti la serikali, mistari minne, kati ya mtu aliyepoteza hati ya shamba na kampuni inayofungwa. Jina langu sasa ni Ndululu Nyamai Nthiwa. Wakili aliniambia nichague jina lolote la ukoo. Nilikumbuka Nthiwa limechongwa kwenye msalaba wa babu, nikadhani ni jina la ubatizo wa zamani. Sikujua narudisha kitu mahali pake.

Sasa na mimi nina langu, na hata Nthenya halijui ninavyoandika hapa.

Mhuri haukuibwa. Alhamisi ndiyo siku yangu ya kuongoza maombi ya adhuhuri kanisani, na kwa muda wa miaka miwili, kila Alhamisi, niliondoka kichinjioni saa nne nikaacha mhuri kwenye droo. Nilimwachia Haroun, mchinjaji, ufunguo wa droo. Yeye ni mtu mwaminifu, anachinja kwa kufuata dini yake, na kila ng'ombe aliyepita mikononi mwake alikuwa ng'ombe. Lakini naye huenda nyumbani saa saba. Alitundika ufunguo pale nilipomwonyesha, kwenye msumari. Mtu yeyote angeweza kuufikia, na mmoja akaufikia.

Nilipoandika kwamba mhuri uliibwa, walitafuta mtu aliyekuwa na ufunguo. Haroun amefukuzwa. Ana watoto watano. Ameitwa polisi mara mbili. Mara zote mbili, najua kwa sababu nimesoma maelezo yake, hakusema kwamba ufunguo alipewa na mimi. Alisema, "Mwulizeni daktari," yaani mimi, daktari wa mifugo. Nao hawakuniuliza.

Najiambia kwamba nikisema, nitapoteza kazi. Najiambia pia kwamba Haroun angekuwa amesema kama jambo lenyewe lingekuwa zito kwake. Hili la pili huwa naliamini mpaka saa za chakula.

Nakuuliza kitu kimoja. Siku ile mlipotoka kanisani, babu alikuambia nini?

Ndululu


Kyuso
28 Julai 2024

Ndululu,

Salamu kwenu wote. Huku ni baridi na nimekohoa, nimeacha.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, kama saa moja na nusu. Mama alikuwa mbele na Nyamai. Mimi nilikuwa nyuma, na nilijua nimeharibu ingawa sikujua nini. Baba alipunguza mwendo mpaka nikamfikia. Alisema, "Umesema kweli, lakini umeisema kwa sauti kubwa." Halafu akanibebea Biblia.

Hakuwahi kulirudia mpaka alipokufa.

Kuhusu huyo Haroun, unajua la kufanya, ndiyo maana umeniandikia mimi wala hukumwandikia wakili. Sema. Si lazima upige kelele, lakini wahusika wasikie.

Jina jipya nimelisoma. Ni zuri. Baba angegeuka kuangalia kama kuna mtu anayemwita. Nimehesabu, na sasa hakuna Ing'oi tena hata mmoja aliye hai. Ulikuwa wa mwisho, maana Yvonne ulimwandikisha kwa jina lako la kwanza.

Kathini


Wote
22 Septemba 2024

Shangazi,

Kesi ilisikizwa Jumanne. Niliandika kwanza mambo ya nyumbani lakini nimeyakata, utayapata mwishoni.

Walikuwa wanne, na mwanamke wa kuandika. Aliniuliza jina nikasema Ndululu Nyamai Nthiwa. Akasema faili inasema Ing'oi. Nikatoa hati. Mwenyekiti akaichukua, akaisoma, akasema, "Kwa hivyo mtuhumiwa hayupo?" Wenzake walicheka. Nami ningecheka kama ningekuwa upande ule wa meza.

Niliomba kusema kabla hawajaanza. Nikasema mhuri haukuibwa, nilikuwa nauacha kila Alhamisi, ufunguo nilimpa Haroun mimi mwenyewe, na maelezo niliyoandika Januari yalikuwa ya uongo. Ilichukua muda mfupi kuliko ninavyochukua kufunga viatu. Mwanamke wa kuandika aliniomba nirudie tarehe.

Mwenyekiti aliniuliza kwa nini nasema sasa. Nikaanza kumweleza juu ya babu, na ukame, na nyumba saba. Akanikatiza: "Bwana Nthiwa, jibu swali." Nikasema nasema sasa kwa sababu nilichelewa kusema wakati ule. Hilo waliliandika.

Sitashika mhuri kwa miaka mitatu, na nimeshushwa cheo. Nitakuwa nikizunguka vijijini kuchanja mbwa. Nthenya alisema mbwa hawasikilizi redio. Nilimweleza yote usiku wa kuamkia kesi. Hajanisamehe kwa kumficha, lakini ananipigia pasi mashati.

Haroun amerudishwa kazini. Nilienda kwake jioni ile ile. Nilikuwa nimepanga maneno. Alinisikiliza mlangoni, hakunikaribisha ndani, na nilipomaliza akasema, "Umechelewa, daktari." Kisha akaniuliza mguu wa mke wangu unaendeleaje. Nikasema unaendelea vizuri. Akasema, "Alhamdulillahi," akafunga mlango.

Yvonne amesikia yote. Anataka kujua kama Kalondu bado yuko hai. Mimi simjui.

Ndululu


Kyuso
17 Novemba 2024

Ndululu mwanangu,

Mvua imeanza, ndengu zimeota, na Baiskeli wa sokoni ameoa tena. Mbwa wa huku wanakungoja.

Mwambie Yvonne kwamba Kalondu yuko hai. Ana miaka tisini na moja. Na nimemwona, lakini acha nieleze nilifikaje kwake, kwa kuwa sikwenda kwa kupenda.

Mwezi wa Septemba, siku chache baada ya barua yako, nilikwenda ofisi ya vitambulisho. Nilimwambia kijana wa pale kwamba nataka kuondoa Musyimi na kuandikwa kwa jina la baba yangu. Akaniandikia maswali kwenye karatasi kwa sababu ya masikio. Akauliza, umetengana na mume? Nikasema ndiyo, alikufa mwaka wa 2003. Akauliza jina la baba. Nikamwambia. Akaacha kuandika. Akaandika: *Mama, una hakika si kosa la chapa?* Nikamwambia aandike, watu walikuwa wengi nyuma yangu.

Lakini akasema sina cheti chochote cha kuonyesha nilizaliwa kwa Ing'oi. Cheti cha ubatizo kinasema Nthiwa. Ninahitaji barua ya chifu, na chifu anahitaji mtu aliyenizidi umri, asiye wa ukoo, aliyetujua siku zile. Nilikaa juma zima nikipitia watu kichwani. Wote wako chini ya udongo isipokuwa mmoja.

Ndululu, kutoka kwangu hadi kwa Kalondu ni mwendo wa nusu saa. Sikuwa nimeukanyaga ua wake tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu. Tumekaa kanisa moja miaka yote hiyo. Tumezika watu pamoja. Tulikuwa tunasalimiana kwa kichwa.

Nilimkuta amekaa kivulini mwa ghala anachambua mbegu. Haoni vizuri lakini anasikia. Mimi nasikia vibaya lakini naona. Alipojua ni mimi alisema kwa nguvu, nikaona mdomo wake vizuri, "Kathini, umekuja kunizika?"

Nikamwambia nimekuja kuomba ushahidi. Nikamweleza ni wa nini. Akaacha mbegu.

"Unataka jina lile? Kwa nini?"

"Kwa sababu nilimpa baba likamwelemea peke yake."

Alipapasa mbegu, akachota kiganja kimoja, akazirudisha. Kisha akasema, "Mimi nilijua."

Nikadhani sikusikia. Nikamwambia arudie.

"Nilijua ni punda. Siku ile ile. Pofu ana mafuta meupe, yale yalikuwa ya manjano. Mume wangu alijua pia. Tulikuwa na watoto wanne. Niliwapa wakala, na nilirudi kwenu mara ya pili na sufuria. Baba yako aliniangalia usoni, akajua kwamba najua, akanijazia."

Nikamwuliza, basi kanisani ulitapika nini?

"Sikutapika. Nilitia kidole." Alikuwa ananionyesha kidole chenyewe. "Watu wote walikuwa wamenigeukia. Wewe ulisema *majirani wote*. Nifanyeje? Nilikuwa mke wa mzee wa kanisa."

Nilikaa chini nikamsaidia kuchambua mbegu. Mimi nilikuwa natoa mbovu, yeye anarudisha, kwa kuwa haoni. Baada ya muda akaniuliza ofisi ya chifu hufunguliwa siku gani.

Tulikwenda Jumatatu. Mjukuu wake alimleta kwa pikipiki, amefungwa kwa leso ili asianguke. Chifu ni mtoto wa juzi, hajui lolote. Alimwuliza Kalondu kwa heshima kama anamfahamu huyu mama, na kama ni kweli ni mtoto wa Ing'oi. Kalondu alimwambia asogee. Alipokuwa karibu alimjibu kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia, na watu waliokuwa nje kwenye benchi waligeuka.

"Ni mtoto wake. Nilikula kwao."

Chifu alinipa nisome alichoandika, nikaona ameandika kwamba shahidi anaifahamu familia. Kalondu akaweka dole gumba. Kitambulisho kitakuwa tayari Januari.

Shangazi yako,
Kathini Ing'oi